Kuwa mwanahistoria wa uhalifu na adhabu ukiwa Dodoma: mwongozo kamili, kutoka masijala hadi kwenye kompyuta

Dodoma ina Gereza Kuu la Isanga. Ina Hospitali ya Mirembe na Taasisi ya Isanga, ambako mahakama hupeleka washtakiwa wenye ugonjwa wa akili. Ina Bunge, ambalo hunukuu na kutunza mijadala ya sheria zinazopita mbele yake, na sasa ina makao makuu ya Mahakama ya Tanzania. Kijana anayesoma historia Chuo Kikuu cha Dodoma au Chuo Kikuu cha St. John's anaishi mtaa mmoja na taasisi ambazo watafiti wa nchi nyingine huvuka bahari kuzichunguza. Mwongozo huu ni wa kijana huyo: mwenye shahada ya kwanza ya historia, kompyuta mpakato ya kawaida, na hamu ya kujua nchi hii imekuwa ikimwadhibu nani, kwa kosa gani, na kwa nini.

Naandika nikiamini jambo moja. Kompyuta inamfaa mwanahistoria aliyekwisha kusoma majalada kwa macho yake. Anayeanza na programu kabla ya kulijua jalada atapata michoro mizuri ya mambo ambayo hayakutokea.

Hatua ya 1: Chagua swali dogo

"Historia ya uhalifu Tanzania" ni kichwa cha maktaba nzima. Swali la tasnifu linafanana na hili: katika wilaya ya Dodoma, kati ya 1930 na 1945, nani alifungwa kwa wizi wa mifugo na nani alitozwa faini tu, na tofauti ilitoka wapi? Swali hilo lina mahali, lina miaka, lina kosa moja, na lina kitu cha kuhesabu.

Kanda ya Kati haina upungufu wa mada. Kuna njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920, iliyowakumba Wagogo baada ya majeshi ya vita kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi. Mtu aliyeiba debe la mtama katika miaka ile aliitwaje mbele ya baraza? Kuna Kongwa ya mradi wa karanga, 1947 hadi 1951, ambako maelfu ya vibarua walikusanywa porini kwa haraka, na polisi na hakimu wakalazimika kuwafuata. Kuna mauaji ya watu-simba ya Singida mwishoni mwa miaka ya 1940, ambapo watu waliuawa kwa namna ya kuonekana wameliwa na simba, ambayo kesi zake zilipanda hadi Mahakama Kuu. Karibu zaidi na sisi kuna mwaka 1983: operesheni ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, pamoja na sheria ya Nguvu Kazi iliyowageuza wasio na ajira mjini kuwa watu wa kukamatwa.

Kwa anayeanza, ningemshauri aanze na wizi wa mifugo. Ni kosa lililoandikwa katika kila kipindi, wakati wa Wajerumani, wa Waingereza na baada ya uhuru, na bado lina wazee wa kulieleza.

Hatua ya 2: Ijue ngazi kabla hujaipanda

Njia ya kazi yenyewe inajulikana. Matangazo ya vyuo vya umma, ambayo hupitia Sekretarieti ya Ajira, kwa kawaida hutaka GPA ya 3.8 kwenye shahada ya kwanza kwa nafasi ya mkufunzi msaidizi, na 4.0 kwenye shahada ya umahiri kwa mhadhiri msaidizi. Ukipata uzamivu unaingia daraja la mhadhiri, kisha mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa. Kuanzia hapo unapandishwa kwa machapisho, ufundishaji na huduma.

Kwa hiyo linda alama zako tangu mwaka wa kwanza. Kijana mwenye kipaji cha utafiti na GPA ya 3.6 atapita njia ndefu zaidi, hata kama tasnifu yake ndiyo bora darasani.

Jambo la pili ni lugha. Kiswahili unacho na Kiingereza unacho. Ongeza Kijerumani cha kusoma, huhitaji kukizungumza. Na kama Cigogo, Kirangi au Kinyaturu ndicho cha bibi yako, kirudie kwa bidii, maana hakuna kozi itakayokupa kile atakachokupa yeye.

Hatua ya 3: Vibali

Anza na barua ya utambulisho na kibali cha utafiti kutoka chuoni kwako. Barua hiyo itakupeleka kwa Katibu Tawala wa mkoa au wilaya, kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, au kwa msajili wa mahakama. Watafiti kutoka nje ya nchi hupitia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Ukitaka chochote cha magereza au cha Mirembe, omba mapema sana, andika wazi ni miaka ipi unayoitaka, na uwe na mpango wa pili usiotegemea jibu hilo.

Hatua ya 4: Jua majalada yalipo, na kwa nini yapo huko

Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea, kwa sababu wanatafuta kesi kwenye mahakama peke yake.

Mwaka 1929 serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya mahakama za wenyeji iliyoziondoa chini ya Mahakama Kuu na kuziweka chini ya utawala. Mtu wa Bahi aliyehukumiwa kwenye baraza la mtemi alikata rufaa kwa Bwana Shauri, yaani ofisa wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa Gavana. Ndiyo maana kesi zake utazikuta kwenye mafaili ya utawala ya wilaya na jimbo, katikati ya barua za kodi na mbegu. Mpango huo ulikuja kuvunjwa wakati wa uhuru, na sheria ya mahakimu ya 1963 ikaunganisha mahakama zote katika mfumo mmoja. Kuanzia hapo unatafuta kwenye masijala za mahakama.

Kesi za mauaji zina njia yake. Hukumu ya kifo ilimfikia Gavana ili aamue kama mtu anyongwe au asamehewe, kwa hiyo utakuta barua na maoni ya maofisa ambayo hakimu hakuyaandika popote. Hizo zitafute kwenye mafaili ya Sekretarieti, yaani ofisi kuu ya serikali ya kikoloni, katika Hifadhi ya Taifa ya nyaraka pale Upanga, Dar es Salaam. Idara ina kituo Dodoma pia, na ni vizuri kuuliza hapo kwanza kabla hujapanda basi. Sheria ya kumbukumbu ya 2002 huweka miaka 30 kabla nyaraka za serikali hazijafunguliwa kwa umma.

Kwa kipindi cha Wajerumani kuna mafungu mawili. Yaliyobaki nchini yapo Hifadhi ya Taifa, kwenye mafaili yenye herufi G. Yaliyopelekwa Berlin yapo Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya Ujerumani, fungu R 1001 la wizara ya makoloni, na sehemu kubwa imeskaniwa na kuwekwa wazi mtandaoni bila malipo. Unaweza kusoma habari za Kilimatinde na Mpwapwa ukiwa umekaa Makulu, mradi bando litoshe. Za Waingereza zipo London, kwenye hifadhi ya nyaraka ya Uingereza, fungu CO 691.

Usisahau vilivyochapwa: ripoti za mwaka za idara za polisi na magereza, gazeti la serikali la Mambo Leo lililoanza 1923, na taarifa rasmi za Bunge. Kwa hukumu za karibuni, tovuti ya TanzLII inazitoa bure.

Hatua ya 5: Ndani ya chumba cha kusomea

Nawa mikono, acha kalamu ya wino nje, ingia na penseli. Jalada la wilaya la miaka ya 1930 mara nyingi lina karatasi zilizofungwa kwa kamba ya faili kwenye kona ya juu kushoto, nyingi zikiwa nakala za kaboni kwenye karatasi nyembamba ambayo maandishi ya ukurasa wa chini huonekana kupitia wa juu. Chomeka karatasi nyeupe safi nyuma ya kila ukurasa kabla ya kupiga picha. Ni jambo la sekunde tatu, na ndilo litakaloamua kama mashine itaweza kuusoma ukurasa huo baadaye.

Kabla ya picha ya kwanza ya jalada, piga picha ya jalada lenyewe kwa nje, namba yake ikionekana. Halafu piga kila folio, yaani kila karatasi yenye namba, kwa mpangilio, na nyuma ya karatasi pia kama kuna chochote. Madokezo ya pembeni ndiyo yenye utamu: Bwana Shauri anaandika hukumu kwa lugha ya sheria, kisha pembeni anamwandikia mwenzake kwamba mtu huyu alimsumbua jumbe mwaka jana.

Jioni hiyo hiyo, kabla hujalala, badilisha majina ya picha. Jina kama IMG_4471 halisemi kitu. Tumia mfumo mmoja daima: hifadhi, namba ya jalada, folio. Mfano: TNA_46-A-6_f017, ambapo TNA ni Hifadhi ya Taifa ya nyaraka na f017 ni folio ya 17. Programu ya Tropy, ya bure, imetengenezwa kwa kazi hii hasa: inakusanya picha za jalada moja kama kitu kimoja na kukuruhusu kuandika maelezo kando yake. Weka nakala tatu, kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na mtandaoni. Diski isikae kwenye begi moja na kompyuta.

Hatua ya 6: Soma jalada moja hadi mwisho

Ukirudi na picha elfu kadhaa utatamani kuzihesabu mara moja. Subiri. Chagua jalada moja nene, lisome lote, na jiulize maneno haya yalifikaje kwenye karatasi.

Shahidi alizungumza Cigogo. Mkalimani akatafsiri kwa Kiswahili, pengine Kiswahili cha pwani alichojifunza jeshini. Hakimu Mwingereza akaandika kwa Kiingereza, kwa muhtasari, kwa nafsi ya kwanza, kana kwamba shahidi mwenyewe ndiye aliyesema hivyo. Unaposoma "Nilikasirika nikampiga", hujui kama "kukasirika" ni neno la shahidi, la mkalimani, au la hakimu aliyekuwa akitafuta kama kulikuwa na uchokozi wa kupunguza kosa kutoka mauaji hadi kuua bila kukusudia. Maswali ya mwendesha mashtaka mara nyingi hayakuandikwa, majibu yakaunganishwa yakawa simulizi. Mtu anayeonekana kujieleza kwa kirefu huenda alikuwa akijibu ndiyo na hapana.

Angalia saa. Shahidi akisema "saa mbili usiku" na karani akaandika 2, umepoteza saa sita, na ushahidi wa mwanga wa mbalamwezi unageuka kuwa uongo. Angalia ng'ombe pia. Mlalamikaji anasema ameibiwa, mshtakiwa anasema alikuwa akichukua mahari iliyobaki kwa dada yake, au mnyama aliyemkabidhi mwenzake amtunzie. Mahakama imeliita jambo hilo wizi kwa sababu ilihitaji jina la kosa. Kijijini huenda waliliita deni.

Andika ukurasa mmoja au miwili juu ya jalada hilo moja, kwa sentensi kamili. Utakapokuwa na jedwali la mistari mia nyingi, ukurasa huo ndio utakukumbusha kila mstari unaficha nini.

Hatua ya 7: Tengeneza jedwali

Sasa fungua Excel au LibreOffice. Tuseme rejesta inasema hivi, na mfano huu ni wa kufundishia tu: "Fulani bin Fulani, mkulima, wa Bahi. Kuiba ng'ombe 2. Kifungo miezi 6, alipe ng'ombe 4."

Mtu mmoja katika kesi moja ni mstari mmoja. Washtakiwa watatu, mistari mitatu, yenye namba moja ya kesi. Kolamu zako ziwe angalau hizi: namba ya jalada na folio, tarehe, jina kama lilivyoandikwa, jina ulilolisawazisha, jinsia, kazi, mahali, kosa kama lilivyoandikwa, kundi la kosa ulilolipanga wewe, uamuzi, aina ya adhabu, kiasi, na maelezo.

Uone kwamba jina na kosa vina kolamu mbili mbili. Ya kwanza ni ya karani, usiiguse, hata kama kakosea tahajia. Ya pili ni yako. Ukichanganya hizo mbili, baada ya mwaka hutajua tena chanzo kilisema nini na wewe ulidhani nini. Katika mambo yote ya mwongozo huu, hili ndilo ningekuomba usilipuuze.

Majina yatakutesa. Mtu mmoja anaitwa Mohamedi, Muhammad na Mohd ndani ya jalada lile lile. Kesi moja inasema "bin", nyingine inaandika s/o kama mahakama zinavyoandika mpaka leo. Wagogo wengi wana jina la nyumbani na jina la ubatizo, na hutumia lolote kulingana na aliyeuliza. Programu ya OpenRefine, ya bure, hukusanya majina yanayokaribiana na kukuuliza kama ni kitu kimoja. Jibu "ndiyo" pale tu ambapo kijiji, baba au umri vinakubaliana.

Tarehe ziandike mwaka kwanza: 1937-08-14. Adhabu zitenganishe, kifungo kolamu yake, faini yake, viboko vyake, fidia yake. Faini za kabla ya miaka ya 1920 ni rupia, za baadaye ni shilingi, na nyingine ni mbuzi. Usizigeuze zote kuwa sarafu moja ndani ya kolamu ya asili.

Halafu kuna mtego wa vifungu vya sheria. Kati ya 1920 na 1930 Tanganyika ilitumia Kanuni ya Adhabu ya India, ambamo mauaji ni kifungu cha 302 na wizi 379. Kanuni ya Adhabu yetu ilikuja 1930, na humo mauaji ni 196, wizi 265, na wizi wa wanyama una kifungu chake, 268. Ukipanga makosa kwa namba bila kuangalia mwaka, utapata badiliko kubwa la tabia za watu mwaka 1930 ambalo ni badiliko la kitabu tu.

Vivyo hivyo na 1963. Sheria ya vifungo vya chini ya mwaka huo ilimnyang'anya hakimu uhuru wa kupima, ikaweka vifungo vya lazima pamoja na viboko kwa makosa kadhaa ya wizi na rushwa. Mchoro wako utapanda ghafla. Wezi hawakuwa wabaya zaidi mwaka ule. Mizani ndiyo iliyobadilishwa.

Hatua ya 8: Programu, kwa kadiri ya kazi

Kwa maandishi yaliyochapwa kwa taipureta, Tesseract, programu ya kugeuza picha ya ukurasa kuwa maandishi, ni ya bure na ina moduli ya Kiswahili. Kwenye nakala hafifu za kaboni itakosea sana, na hapo kuchapa kwa mkono ni haraka kuliko kusahihisha. Kwa mwandiko wa kale wa Kijerumani, Transkribus, programu inayosoma mwandiko wa mkono, hukupa rasimu ya kuanzia.

Usione haya kuchapa kwa mkono. Kanzidata mashuhuri kuliko zote katika fani hii, ya mahakama ya Old Bailey ya London, yenye kesi zaidi ya 197,000 za 1674 hadi 1913, ilijengwa kwa sehemu kubwa na watu waliochapa kwa mkono, na sehemu ya maandishi ikachapwa mara mbili, kisha nakala zikalinganishwa. Itazame kama shule. Tazama pia Digital Panopticon, iliyofuatilia maisha ya watu wapatao 90,000 waliohukumiwa huko, kutoka kizimbani hadi gerezani au uhamishoni Australia. Lakini kumbuka kumbukumbu za Old Bailey zilianza kama chapisho la kuuzwa mitaani, zikipendelea kesi za kusisimua. Rejesta ya baraza la Ugogo haikuandikwa kumfurahisha msomaji yeyote, na hiyo ni nguvu yake.

Kwa ramani tumia QGIS, programu ya bure ya kuchora ramani. Hapa kwetu kuna onyo: kuanzia Operesheni Dodoma ya 1971 watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, na majina mengine yakahama nao. Kijiji cha leo chenye jina la 1935 kinaweza kuwa kilomita kadhaa kutoka kilipokuwa. Tumia ramani ya kipindi chenyewe.

Kujifunza kuandika msimbo, anza na lugha ya kompyuta ya R au Python kwa jambo moja tu unalolihitaji, kama kuhesabu adhabu kwa mwaka. Masomo ya Programming Historian ni ya bure, yameandikwa na wanahistoria kwa ajili ya wanahistoria. Mwezi mmoja wa jioni zako utatosha kuanzia.

Hatua ya 9: Wazee, na wajukuu wa waliofungwa

Majalada yatakupa upande wa boma. Upande wa pili uko vijijini. Nenda na mwenyeji, pita kwa mwenyekiti wa kijiji, salimu kwa Cigogo kama unakijua, na usifungue daftari kabla ya mazungumzo ya kawaida kwisha. Usiulize "Babu yako alifungwa?" Uliza: "Babu, zamani ng'ombe akipotea mlifanyaje?" Mzee akitaka kumtaja mtu, atamtaja mwenyewe.

Jina la mwizi wa 1938 ni jina la ukoo wa leo. Usilichapishe bila sababu ya kitaaluma. Tumia herufi au jina la badala, na ufunguo wake uhifadhi mahali pengine. Kwa watu walio hai, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakubana moja kwa moja. Kumbukumbu za wagonjwa wa Mirembe na Isanga zistahi hata pale sheria inapokuruhusu, kwa sababu mtu aliyehukumiwa na pia kuitwa mwendawazimu aliaibishwa mara mbili, na hakuwahi kuulizwa kama anakubali kusomwa.

Hatua ya 10: Chapisha, halafu rudisha

Sura moja ya tasnifu igeuze makala. Tanzania Zamani, jarida la wanahistoria wetu, ni mlango mzuri wa kwanza. Kwa hadhira ya nje kuna Journal of Eastern African Studies, na Crime, History & Societies, ambalo limejikita kwenye fani hii hasa. Makala ikikataliwa, soma maoni ya wasomaji baada ya wiki, rekebisha, ipeleke kwingine. Jihadhari na majarida yanayokuahidi kuchapisha ndani ya siku chache ukilipa. Kamati ya kupandisha vyeo itayatupa.

Pamoja na makala, andaa jedwali lako kwa ajili ya wengine: toleo lisilo na majina, katika muundo wa CSV, jedwali la maandishi tupu linalofunguka kwenye programu yoyote, likiambatana na ukurasa wa maelezo kwa Kiswahili unaosema kila kolamu ina maana gani, majalada yapi yametumika na yapi yalikosekana. Nakala moja ipe maktaba ya chuo, nyingine Hifadhi ya Taifa ulikopiga picha. Na katika kijiji ulichohoji, omba nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, usome kwa Kiswahili ulichokipata, ujibu maswali. Chukua kinasa sauti na uombe ruhusa ya kukiwasha, maana maswali watakayouliza wananchi siku hiyo mara nyingi huzaa utafiti unaofuata.